Matao ya Córdoba: jinsi ukumbi mmoja ulivyobeba dini mbili

Mgeni akiingia Msikiti-Kanisa Kuu la Córdoba, Uhispania, hukimbilia mihrabu. Mimi humshauri aanze upande wa ua wa michungwa, kwenye nguzo za zamani kabisa, azitazame kutoka chini kwenda juu. Hazifanani. Hii ni nyeusi, ile ina rangi ya waridi. Vichwa vyake vimechongwa kwa mitindo tofauti. Mafundi wa amiri Abdulrahman I, walioanza kazi mwaka 785, waliziokota kwenye majengo ya kale ya Warumi na Wavisigothi.

Kuokota kuna gharama yake. Nguzo zilikuwa fupi, na ukumbi mpana wenye paa la chini ungekosa hewa na mwanga. Basi juu ya kila nguzo waliweka kitako cha jiwe, na juu ya kitako wakapandisha nguzo ya pili, ya mraba. Kati ya nguzo na nguzo wakapiga matao mawili, moja juu ya jingine. La juu ndilo linalobeba ukuta, paa na mfereji wa mvua. La chini, lenye umbo la kwato ya farasi, halibebi chochote; linazuia nguzo zisiyumbe. Ndiyo maana unaona uwazi kati ya matao hayo mawili. Kinachoshangaza ni kwamba unene unaongezeka kadiri unavyopanda: wembamba uko chini, uzito uko juu, na bado jengo limesimama.

Mistari myekundu na myeupe ya matao ni matofali yaliyopishana na mawe. Isipokuwa upande wa mashariki, ulioongezwa na waziri Al-Mansur kuanzia 987: huko tao zima ni jiwe, wekundu umepakwa rangi. Alikuwa na haraka, nadhani. Alilazimika pia kupanua kwa ubavu, kwa kuwa khalifa Al-Hakam II alikwishausogeza ukuta wa kibla kusini, karibu na mto Guadalquivir. Hivyo mihrabu haiko tena katikati.

Mfalme Mkristo Ferdinand III alipoutwaa mji mwaka 1236, jengo likawa kanisa bila kubomolewa. Hilo liliwezekana kwa sababu ukumbi wa safu hauna kitovu. Altare hukaa popote. Pigo lilikuja 1523, Askofu Alonso Manrique alipotaka kanisa refu katikati. Baraza la mji lilipinga, Kaisari Charles V akaruhusu. Mjenzi Hernán Ruiz aling'oa nguzo za katikati, akaanza kupandisha kuta ndefu, na kazi ikamalizika 1607. Kama kanisa linalojitegemea ni zuri. Pale lilipo linakata safu ambazo jicho lilikuwa likizifuata.

Mnara wa kengele nao ni mnara wa muadhini uliovikwa ganda jipya. Panda juu, utaona kuta za kanisa zikichomoza kwenye mapaa ya msikiti, zimeegemezwa kwa mihimili ya matao.

Waongoza watalii hupenda kusifu giza la ukumbi kama sehemu ya ibada ya Kiislamu. Si kweli. Upande wa ua ulikuwa na matao wazi, na mwanga ulipenya kati ya nguzo moja kwa moja kutoka kwenye michungwa. Matao hayo yalizibwa baadaye, makanisa madogo yalipopangwa kuzunguka kuta.