Bastola ya Radom: kilichoondolewa na kilichobaki

Ukiweka bastola ya Vis ya 1939 kando ya ile ya 1944, tofauti huanza kuonekana kwenye chuma chenyewe. Ya kwanza imesuguliwa hadi inang'aa, na ubavuni ina tai wa Poland na mwaka ilipotengenezwa. Ya pili haina tai, na alama za visu vya mashine zimeachwa wazi. Lakini rangi na mng'ao vina uzito mdogo. Mabadiliko ya maana yako nyuma ya fremu, upande wa kushoto.

Piotr Wilniewczyc na Jan Skrzypiński waliibuni bastola hii ya milimita 9 kwa ajili ya jeshi la Poland, ikatengenezwa katika kiwanda cha serikali mjini Radom. Ina wenzo wa kushusha nyundo. Ukiubonyeza, pini ya kupigia risasi hurudishwa ndani kwanza, ndipo nyundo huanguka bila hatari. Wapanda farasi waliuhitaji, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika hatamu.

Chini yake kuna wenzo mwingine, na huu ndio unaowapotosha wengi. Anayeijua Colt ya Marekani ataudhani ni kizuizi cha usalama, maana umekaa palepale. Kumbe kazi yake ni kushikilia sehemu ya juu ikiwa imerudi nyuma kiasi, ili askari achomoe pini na kuifungua bastola aisafishe. Usalama wenyewe uko mgongoni mwa mpini: usipoukamata sawasawa, risasi haitoki.

Wajerumani walipoiteka Poland mwaka 1939, hawakukifunga kiwanda. Kabla ya vita zilikuwa zimetoka bastola karibu 50,000; chini yao zilitoka zaidi ya 300,000. Wingi huo ulikuwa na gharama. Kwanza ulifutwa mfereji wa kufungia kitako cha begani nyuma ya mpini, na hilo halikumuumiza mtu, kwani vitako vyenyewe havikuenea jeshini. Baadaye ukaondolewa ule wenzo wa kufungulia. Kiwandani waliokoa kipande kimoja, tundu la fremu na pengo la kuchonga. Askari naye akabaki kuipinga springi kwa mkono huku akitafuta pini. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi wa kiwanda: bastola ilipoteza wepesi wa kusafishwa, haikupoteza uhakika wa kufyatua. Mwishoni hata vibao vya mpini vikawa vya mti.

Badiliko moja halikutokana na kubana matumizi. Mitutu ilihamishiwa Steyr, Austria, na bastola zikakamilishwa huko, ili Wapoland wa Radom wasiwe na silaha kamili mikononi. Hata hivyo waliiba vipande wakawapelekea wapiganaji wa siri. Wizi huo ulipogunduliwa, Oktoba 1942 wafanyakazi wa kiwanda walikuwa miongoni mwa walionyongwa hadharani mjini humo. Kwa hiyo anayechunguza Vis ya wakati wa vita asiishie kwenye ukali wa chuma. Asome pia alama za mtutu, kwa sababu mtutu na fremu vilitoka katika nchi mbili.

Mwaka 1945 kiwanda cha Steyr kilitoa za mwisho, zenye herufi zake za utambulisho, bnz. Ni ghafi kuliko zote, lakini mtutu wake bado hushuka kwa mteremko uliochongwa chini yake, kama Wilniewczyc na mwenzake walivyoupanga.