Folda ya Pamoja Siyo Akiba

Mtandao wetu wa kwanza wa nyumbani ulifanya kazi miezi minne tu. Ulikuwa na rauta, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyochomekwa diski ya terabaiti 2, na folda moja iliyoonekana kwenye laptopu zote tatu za nyumba. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, na humo ndimo alimoweka alama za wanafunzi wake. Jumapili moja kijana wetu alikuwa akitafuta nafasi ya video zake, akafuta folda aliyodhani haina mwenyewe. Faili likifutwa ndani ya laptopu huenda kwanza kwenye pipa la taka, nawe unaweza kulirudisha. Likifutwa kwenye folda ya mtandao halipitii huko, linaondoka moja kwa moja. Alama za muhula mzima zilitoweka kwenye mashine zote tatu kwa mpigo. Tuliokoa nusu tu, zile alizokuwa amekwisha kumtumia mkuu wa idara kwa WhatsApp.

Kosa halikuwa la mtoto. Mimi ndiye niliyewaambia waweke vitu vyao humo, kwamba humo hakipotei kitu. Folda ya pamoja kazi yake ni kulifikisha badiliko kwa kila mtu papo hapo, na kufuta nako ni badiliko. Akiba inatakiwa ifanye kinyume chake: ikumbuke mambo yalivyokuwa jana hata kama leo yamevurugwa. Nilipojenga upya, kazi hizo mbili nilizitenga kuanzia kwenye diski.

Nianze na waya, usio na mengi. Kuta zetu ni za matofali ya saruji, na Wi-Fi ikishapita kuta mbili ilibakiza kama megabaiti 3 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kunakili gigabaiti 180 tulizokuwa nazo kungechukua karibu saa 17. Nilivuta waya wa Cat5e wa mita 12 kutoka kwenye rauta hadi mezani. Rauta yetu ina milango ya megabiti 100, ambayo ukipima kwa faili halisi ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, na kazi ileile ikaisha kwa saa nne na nusu. Kisha nikaiagiza rauta iipe Raspberry Pi anwani ileile siku zote, 192.168.1.10, la sivyo umeme ukikatika na kurudi laptopu zingeitafuta mahali isipokuwepo.

Kugawa folda ni kazi ya programu ya Samba. Andrew Tridgell aliianza huko Canberra mwishoni mwa 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kwa kuchunguza ujumbe uliokuwa ukipita kati ya mashine hadi akaelewa zinavyoombana mafaili. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye S, M na B kwa mfuatano huo, herufi za SMB, itifaki ambayo mashine hutumia kuombana mafaili. Mwaka 1996 yeye na Paul Mackerras wakatoa rsync, programu inayonakili kilichobadilika tu. Folda yetu na akiba yetu, zote mbili, zinasimama juu ya kazi ya mtu huyo, na programu zote mbili ni za bure.

Diski ya kwanza ndiyo inayoonekana mtandaoni. Ya pili imechomekwa kwenye Raspberry Pi hiyohiyo, lakini Samba haikutajiwa, kwa hiyo hakuna laptopu inayoiona wala kuiandikia. Ikitokea laptopu mojawapo imepata virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry iliyosumbua dunia Mei 2017, folda ya pamoja inaweza kuharibika yote. Lakini kwenda diski ya pili hakuna folda ya kupitia.

Kila usiku saa 8, rsync huunda kwenye diski ya pili folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo. Ukiifungua unakuta kila kitu, kana kwamba gigabaiti 180 zimenakiliwa upya, na kumbe diski imeongezeka megabaiti chache tu. Hiyo ni kazi ya chaguo la rsync liitwalo --link-dest: faili ambalo halikubadilika halinakiliwi, linaongezewa jina. Ni kama mtoto mwenye jina la shuleni, jina analoitwa na bibi yake, na jina la wenzake wa mtaani. Majina ni matatu, mtoto ni mmoja. Ukiifuta folda ya Jumatatu umeondoa jina, na faili linabaki mpaka jina lake la mwisho liondoke. Diski za dukani mara nyingi huja na mfumo wa exFAT, usiokubali faili moja kuwa na majina mawili, kwa hiyo ilinibidi niifomati diski ya pili kwa mfumo wa ext4, unaokubali.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Folda 30 zenye tarehe kwenye diski moja si nakala 30. Kwa kuwa faili ni lilelile, sehemu yake ikiharibika kwenye diski limeharibika katika tarehe zote. Tarehe zinakukinga na mkono uliofuta kwa makosa. Diski ikifa, hazikusaidii lolote.

Jambo jingine lilinigharimu wiki mbili kulielewa. Usiku fulani akiba iliundwa tupu kabisa, bila onyo lolote. Milango yote minne ya USB ya Raspberry Pi 4 inagawana ampea 1.2, na diski mbili zinazonyonya umeme humo zilikuwa zikizidisha kiasi hicho. Ya kwanza ikazimika, rsync ikakuta folda tupu na ikanakili utupu huo kwa uaminifu. Ingekuwa nimeiagiza ifuate diski ya kwanza kwa kufuta, pasipo tarehe, ingenisafishia akiba yote. Sasa diski zina umeme wake, na kwenye diski ya kwanza nimeweka faili dogo liitwalo NIPO. Skripti inayoendesha rsync ikilikosa faili hilo haianzi, inanitumia barua pepe.

Nakala ya tatu haikai hapa nyumbani. Mwizi, moto au maji ya mvua huchukua vyote vilivyo mezani. Nilifikiria kuituma akiba kwa intaneti, lakini kwa kupakia megabiti 5 kwa sekunde gigabaiti 180 ni zaidi ya siku tatu mfululizo, usiku na mchana, tena kwa bando la kulipia. Basi kila mwezi mojawapo ya diski mbili zinazopokezana, iliyofungwa kwa nenosiri, inakwenda Bagamoyo kwa mama yangu, na iliyokuwa huko inarudi.

Mwaka 1998, kwenye studio ya filamu za katuni ya Pixar, amri ya kufuta iliondoa sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na walipoigeukia akiba wakakuta ina kasoro. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Galyn Susman, mkurugenzi wa kiufundi wa filamu hiyo, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Sitaki nigundue kasoro ya akiba yangu siku ya kuihitaji, ndiyo maana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mke wangu hutaja faili lolote na tarehe yoyote, nami nalirudisha akiangalia. Mwezi huu alitaka alama za Kidato cha Pili kama zilivyokuwa kabla hazijasahihishwa. Zilirudi kwa dakika mbili, akazilinganisha na karatasi mstari kwa mstari. Diski inayofuata inaondoka Ijumaa, ndani ya mfuko wa kanga za mama.