Jina la "Dini ya Msambwa" na Suala la Kukataa Vita

Katika kitabu chake Rural Rebels (1977), Audrey Wipper aliliweka kundi la Elijah Masinde pamoja na lile la Mumbo, akayachunguza yote mawili kuwa ni harakati za upinzani. Hapo alizipita mbali hukumu za wakoloni, waliomwona Masinde kuwa mwenda wazimu. Hata hivyo, tatizo moja linabaki, nalo ni la lugha.

Kumusambwa katika Lubukusu, wingi wake kimisambwa, ni mizimu ya wahenga na pia mila inayorithiwa katika ukoo. Kiswahili kilipolipokea neno hili, kiambishi chake cha mwanzo kilidondoka, kisha likatanguliwa na dini, neno ambalo kwetu huandamana na kitabu, chuo na nyumba ya ibada. Msomaji akisikia dini hutafuta sala. Hamtafuti mtumishi wa serikali aletaye hati ya wito wa kazi.

Ilhali mtumishi huyo alikuwapo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Bukusu, kuanzia Kabuchai hadi Kimilili, walitakiwa jeshini, wengine wakafika Burma. Wengine walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na Kitale haikuwa mbali. Mwaka 1944 Masinde alishtakiwa kwa kuwashambulia walioleta wito wa kazi hiyo. Mwaka uliofuata alipelekwa hospitali ya Mathari, akakaa huko hadi 1947. Alipotoka aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Basi kafara ile ilikuwa ibada, hatukatai. Lakini ilikuwa pia hoja juu ya vita, iliyotolewa mahali ambapo maiti walilala. Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi, watu 11 wakafa.

Muhammad Ali alipokataa kuingia jeshini mjini Houston mwaka 1967, yeye naye alijitetea kwa dini yake. Wahakiki hawakusita kulihesabu tendo hilo katika siasa za watu weusi. Kwa nini Masinde anyimwe haki hiyo?

Tutaambiwa kwamba wafuasi wenyewe walilikubali jina hilo. Ni kweli, na Serikali ya Kenya huru ililitumia jina lilo hilo ilipowapiga marufuku mwaka 1968. Chama nalo halifai, kwani hudai kadi na mwenyekiti. Kwa sasa tungependelea wafundishao waandike kimisambwa, kwa wingi wake, bila kulitanguliza neno dini.