Sikio la Kuazima

Ngamiani, mjini Tanga, barabara zinaitwa kwa namba. Mtu anazaliwa Barabara ya Nane, anaoa Barabara ya Kumi na Tano, na ukimuuliza duka la vitambaa liko wapi anakutajia namba nyingine. Kwa hiyo nesi wa kundi letu la wapenzi wa muziki alipotuletea wimbo aliojirekodi nyumbani, wimbo wa mke anayemwomba mumewe ampende barabara, sote tuliokuwa tumeketi tulisikia njia ya magari. Noti ndefu ya kiitikio ilikuwa imeangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, na hapo ndipo unapokaa mkazo wa barabara tunayopita. Barabara ya kumaanisha sawasawa hubeba mkazo wake mapema zaidi, ba-RA-ba-ra. Ni mojawapo ya maneno machache yanayokwenda kinyume na kawaida ya Kiswahili. Sista, ndivyo tunavyomwita, alikuwa ameuimba wimbo ule wiki tatu: jikoni, ndani ya daladala, na usiku wa zamu akiunong'ona peke yake. Hakulisikia kosa hata mara moja.

Mzee wetu, ambaye ujanani alipiga fidla kwenye vikundi vya taarabu, alifumba macho, akaomba urudiwe, kisha akasema: "Mwanangu, wimbo wako mzuri. Hiyo noti ndefu irudishe nyuma silabi moja tu, maana hapo ulipoiweka neno linakuwa njia." Sista akajaribu papo hapo, bila gitaa. Mara ya kwanza akateleza. Mara ya pili kiitikio kikakaa, na tukamsikia mke akimwomba mumewe.

Ninaandika kuusifu ufundi uliofanyika katika dakika zile mbili. Wa Sista ninausifu, lakini zaidi ninausifu ule wa Mzee: ufundi wa kumsikiliza mtu asiye mashuhuri, aliyerekodi wimbo wake chumbani, na kumwambia mahali hasa pa kushika.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zinaswe kwenye santuri. Baadaye, kwa miaka mingi, bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Ilikuwa shida kuufikia mlango ule, nami siutamani urudi. Ila wimbo uliofika hapo ulikuwa umeshapita mikononi mwa watu wengi: mpiga solo aliyekataa ufunguo, mwimbaji wa pili aliyesema ubeti ni mrefu, fundi mitambo aliyesogeza maiki, wakubwa waliopitia mashairi. Leo simu moja na programu ya bure vinatosha, na mtu anaweza kutunga, kuimba na kumaliza wimbo bila binadamu mwingine kuusikia. Gharama imeondoka, na wale watu nao wameondoka pamoja nayo. Nyimbo zimezidi masikio. Wapenzi wa muziki wanaokutana kusikilizana wanawarudisha watu wale, bila kulipwa, na bila kumfungia mtu mlango.

Sisi tunakutana Jumapili baada ya alasiri kwenye banda la fundi cherehani. Tulilichagua kwa kuwa siku hiyo hashoni, lakini ndicho chumba bora cha kurekodia ninachokijua mji mzima. Nyumba zetu nyingi zina kuta za saruji na sakafu ya vigae. Sauti ikitoka mdomoni inagonga ukuta, inarudi kwenye maiki imechelewa kidogo, na wimbo unasikika kama umeimbiwa bafuni. Kwa fundi kuna majora ya vitambaa kutoka sakafuni hadi darini, magauni yaliyotundikwa yakisubiri wenyewe, magunia ya vipande vilivyobaki. Sauti inaingia kwenye nguo na hairudi. Maneno yanabaki makavu, ya karibu, hadi unasikia midomo inapoachana. Besi peke yake ndiyo inayopenya, maana mawimbi yake ni marefu na kitambaa hakiyazuii. Kwa hiyo ngoma tunazirekodi uwanjani.

Anayerekodi kwake anafuata hekima hiyo hiyo kwa alichonacho. Godoro linaegemezwa ukutani. Blanketi linaanikwa kwenye kamba nyuma ya mwimbaji. Wengine hufungua kabati la nguo na kuimba wakiwa wameelekeza uso ndani. Soksi safi inavishwa kwenye maiki ili pumzi ya "p" na "b" isipige kama kofi. Feni inazimwa, friji linazimwa (na karatasi inabandikwa mlangoni kukumbusha kuliwasha tena). Mvua ikigonga mabati, hakuna kazi hadi ikatike. Na kosa tunalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni sauti kupasuka: mtu ameinua kipimo mpaka kikagota mwisho. Kilele cha wimbi kikishakatwa, hakuna programu inayokirudisha kama kilivyokuwa. Dawa yake ni teki nyingine.

Haya yote mtu anaweza kujifunza peke yake. Lisilofundishika peke yake ni kujisikia.

Unapoongea au kuimba, sauti yako inakufikia kwa njia mbili: hewani, na kupitia mifupa ya kichwa chako mwenyewe. Mifupa huiongezea uzito. Maiki inapokea ile ya hewani tu, ndiyo maana mtu akijisikia kwenye rekodi kwa mara ya kwanza husema huyu si mimi. Hilo huzoeleka. Lisilozoeleka ni jingine: ukiusikia wimbo wako mara hamsini, ubongo unaanza kukusikilizisha ulichokusudia, si ulichoimba. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nasi hulitumia neno hilo kumsuta mtu. Nikikaa na kundi letu naona lina huruma kuliko tulivyodhani. Nyani hana namna ya kuliona. Anahitaji mwenzake.

Kumwazima mtu sikio ni kazi. Katikati ya wiki tunatumiana nyimbo kwa simu, kama faili, si kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa kwa ajili ya maongezi na matoazi hupoteza mlio wake. Kila mmoja anausikiliza mara mbili kabla ya Jumapili: mara moja kwenye spika ya simu, jinsi utakavyosikika mtaani, na mara moja kwa hedifoni. Tukikutana tunausikiliza tena pamoja, kimya, hadi mlio wa mwisho ufifie. Mwenye wimbo haruhusiwi kujieleza kwanza. Akianza kusema alikuwa na mafua, au gitaa lilikuwa la kuazima, fundi anainua kidole naye ananyamaza. Huo ndio utaratibu wetu, na nimeona thamani yake, kwa kuwa msikilizaji wa kesho hatakuwa na wa kumweleza habari za mafua.

Halafu ndipo watu wanasema. "Umetisha" ni neno tamu, na mtu aliyekesha usiku kucha anastahili kulisikia. Lakini halimwambii ashike wapi. Msikilizaji mzuri hutaja mahali: ubeti wa pili, mstari wa tatu, gitaa limetangulia sauti. Kiitikio cha mwisho umekipandisha na pumzi imekwisha kabla ya neno. Kinanda na sauti viko kimo kimoja, vinagombania nafasi. Shusha kinanda au kihamishe chini. Maneno ya namna hiyo yanaweza kukataliwa, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mwenye wimbo anaweza kwenda nyumbani, akajaribu, akaona si kweli, akauacha ulivyokuwa.

Najua uzito wa jambo hili kwa sababu niliwahi kulivuruga. Kijana mmoja wa bodaboda alitujia na wimbo wake wa kwanza, kuhusu mama yake anayeuza machungwa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Haujanigusa." Akaitika, "Sawa kaka," akafunga begi la gitaa. Hatukumwona miezi miwili. Jioni ile Mzee alinishika mkono tukitoka, akaniambia taratibu: "Wewe umempa habari zako. Habari za wimbo wake hukumpa."

Nilirudi kuusikiliza wimbo ule nyumbani, mara nyingi kuliko nilivyousikiliza kabla ya kuuhukumu. Kwenye ubeti wa kwanza mistari yake ilikuwa na mizani minane, imelala juu ya muziki kama mkeka. Ubeti wa pili mizani ilikuwa tisa na mahali pengine kumi. Ilimbidi akimbize maneno ili yaingie, na pale alipokuwa akikimbia ndipo alipokuwa akimtaja mama yake anavyoamka alfajiri. Jambo lenye uzito kuliko yote lilipita kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Wimbo ulikuwa na moyo, ila ulikuwa umebanwa mahali pamoja, nami sikuwa nimefanya kazi ya kupatafuta. Nilimfuata kijiweni kwake nikamwomba radhi, kisha nikamwomba tuhesabu pamoja. Akahesabu kwa vidole, amekaa juu ya pikipiki, midomo ikitikisika. Alipofika kidole cha kumi akatulia, akasema, "Hapa."

Nilipokuwa nikimtazama akihesabu niliona kwamba hatukubuni kitu kipya. Kiswahili kimekuwa na desturi hii tangu zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake: watu wa kawaida, makarani na walimu, waliotunga baada ya kazi, na shairi la mmoja likajibiwa na mwingine kutoka mji wa mbali. Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilikuwa vipimo ambavyo mtu yeyote angeweza kumshikia mwenzake mkononi na kumwonyesha: hapa pamepungua, hapa pamezidi. Malenga hakuogopa kusahihishwa hadharani, maana aliyemsahihisha naye alitunga, na zamu yake ingefika. Usawa huo ndio ninaouona bandani kwa fundi. Anayekosoa Jumapili hii ameshakosolewa iliyopita.

Tanga nayo ina urithi wake wa muziki. Black Star Musical Club, kikundi kilichoitoa sauti ya Shakila binti Saidi ikasikika pwani yote, kilizaliwa hapa, na taarabu yake ya magitaa haikuwa ile ya Unguja ya fidla nyingi na ganuni. Mzee akianza kuieleza tofauti hiyo, gitaa hurudishwa kwenye begi na chai huagizwa.

Tukirudi bandani, kuna ushauri mmoja ulio mgumu kuliko wote kutoa, nao ni kumwambia mtu asiguse tena. Mwaka 1982 mwanamuziki Mmarekani Bruce Springsteen, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, alijirekodi bila bendi yake kwenye nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, kwa mashine ndogo ya TEAC ya njia nne iliyotumia kaseti za kawaida. Alikusudia nyimbo zile ziwe rasimu za kuwaonyesha wenzake wa bendi. Walipoingia studio kuzirekodi upya kwa vyombo kamili, ikaonekana kaseti ile, aliyokuwa akiibeba mfukoni bila hata kasha, ina kitu ambacho studio haikukipata. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa kuwa albamu, Nebraska. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara nawaheshimu watu waliomzunguka kwa kusikia kwamba kazi ilikuwa imekwisha.

Kijana wa bodaboda alirudi Jumapili ya tatu tangu tuhesabu mizani. Ubeti wa pili alikuwa ameupunguza, na pale alipokuwa akikimbia sasa alitulia hata ukasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Sista alisema kiitikio kiimbwe chini kidogo. Akajaribu, akakataa, tukakubali. Fundi alimshauri arudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maiki. Aliurekodi wimbo ule mara saba, mara nne kwake na mara tatu katikati ya majora.

Tulichagua teki ya nne, ya nyumbani kwake. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwenye ubeti wa tatu, mama anapojitwika machungwa, kengele ya baiskeli inalia dirishani mara mbili. Kijana aliuliza kama aifute. Mzee akaomba urudiwe, akafumba macho, akasema iachwe. Imo mpaka leo.