Nguvu ya shujaa wa vita: nani alilipa bei yake?

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya ndoa, juu ya matanga na juu ya methali za wazee. Siye tumeomba nafasi ndogo kwa kuzungumuza juu ya jambo ambalo kwanza litaonekana kama muchezo wa watoto: ginsi ya kutunga hadisi ya mutu aliyepata nguvu za ajabu wakati wa vita.

Jambo lilianza mu darasa. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari kazi ya nyumbani: «Tunga shujaa mumoja. Nguvu zake zitoke mu vita ya kweli, na mutu mwenye kusikiliza aweze kusema: ndiyo, ingewezekana.» Tulifikiri watatuletea kurasa mbili tatu za kuchekesha. Walituletea mambo yaliyotukosesha usingizi. Lakini mbele ya kufika kwao, turudi nyuma kidogo, maana wanafunzi wetu hawakuanzia bure. Walianzia kwa yule wanayemwona mu mafilme, ndiye Captain America.

Captain America alitungwa na vijana wawili wa New York, Joe Simon na Jack Kirby, wote wawili watoto wa jamaa za Kiyahudi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwisho wa mwaka 1940, juu yake kikiandikwa mwezi wa tatu 1941. Kwenye jalada shujaa anamupiga Hitler ngumi ya uso. Tukumbuke kwamba Marekani ilikuwa haijaingia vita. Iliingia tu kisha Wajapani kushambulia Pearl Harbor, tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 1941. Basi watungaji walipigana mbele ya jeshi lao.

Hadisi yenyewe ni fupi. Kijana Steve Rogers ni mwembamba, hana afya, jeshi linamukataa. Profesa mumoja anamupa dawa mupya katika laboratwari ya siri. Mara moja mwili unajaa, anakuwa askari asiye na mwenzake. Pale pale mupelelezi wa Wanazi anamupiga profesa risasi, na siri ya dawa inakufa pamoja naye.

Kwa nini hadisi hii iliaminika? Siye tunaona sababu tatu. Ya kwanza, mulango wake ni wa kawaida: kijana anakwenda kupimwa na muganga wa jeshi, anakataliwa. Jamaa ngapi walijua jambo hilo nyumbani kwao! Ya pili, dawa ilikuwa jambo la wakati ule. Mwaka 1940 jeshi la Wajerumani liligawia askari wake mamilioni ya vidonge vya Pervitin ili wasisinzie wala wasichoke. Miaka ile ile waganga wa Oxford walikuwa wakijaribu penisilini. Mutu aliyesikia mambo hayo, kumuambia kwamba sindano moja inaweza kugeuza mwili wa askari, hawezi kucheka sana. Ya tatu ndiyo ya ufundi zaidi: kufa kwa profesa. Musomaji angeuliza, kama dawa iko, mbona jeshi lote halipewi? Risasi ile moja inajibu. Mutungaji muzuri anaziba shimo mbele ya musikilizaji kulitumbukia.

Kwa hiyo tunakubali: kazi ilijengwa vizuri. Lakini ukuta ukisimama vizuri, bado tunaweza kuuliza nani alifyatua matofali. Katika hadisi ya 1941 nguvu inapatikana karibu bure. Steve anaingia dhaifu, anatoka jabali. Hakuna aliyejaribiwa mbele yake. Dawa ya namna ile, haikuua hata mutu mumoja mbele ya kumufaa huyu? Tena kuko Bucky. Bucky ni mutoto wa kambi, anayependwa na askari wote. Siku moja anaingia katika hema na kumukuta Steve akivaa nguo zake za ushujaa. Kwa kuwa amejua siri, anafanywa mwenzake wa vita. Mutoto anapelekwa kupigana, na wasomaji wanapiga makofi. Siye watu wa Kivu na Ituri tunajua jina la mutoto kama huyo. Tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 2012, mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimuhukumu Thomas Lubanga kwa kosa la kuingiza mu jeshi watoto wenye chini ya miaka 15. Watungaji wa Marekani wenyewe walianza kuona aibu. Mwaka 1964, walipomurudisha Captain America, walimuleta akiwa amelala miaka yote ndani ya barafu, na wakasema Bucky alikufa mwisho wa vita. Tangu siku ile shujaa anatembea na kilio. Kwa maoni yetu, hapo ndipo alianza kuwa mutu.

Swali la waliojaribiwa mbele ya Steve lilipata jibu mwaka 2003. Robert Morales, mwandishi, na Kyle Baker, muchoraji, walitoa hadisi ya vitabu saba inayoitwa Truth, maana yake Ukweli. Walisema: dawa ilijaribiwa kwanza juu ya askari weusi. Wengi walikufa, miili ikipasuka. Mumoja, Isaiah Bradley, aliishi, akapigana, na aliporudi hakupata medali, alipata gereza. Mwaka 2021 filme ya televisheni ilimuonyesha akiwa muzee, amejificha nyumbani kwake, hataki kusikia habari ya bendera wala ngao.

Musomaji atasema: hayo ni masingizio. Ndiyo, yametungwa. Lakini Morales na Baker walitunga wakiwa wamesimama juu ya jambo la kweli. Toka 1932 mupaka 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, waganga wa serikali ya Marekani walifuata wanaume weusi karibu 600, na kati yao karibu 400 walikuwa na kaswende. Hawakuwaambia ugonjwa wao wala hawakuwatunza, hata penisilini ilipokuwa imejulikana kama dawa yake. Walitaka tu kuona ugonjwa unakwenda namna gani. Basi kati ya hadisi mbili, ipi inaaminika zaidi? Ile ya 1941 inaaminika kwa sababu ya sindano. Ile ya 2003 inaaminika kwa sababu ya wanadamu. Mutungaji wa pili hakuongeza ajabu hata moja. Aliuliza tu: nani alilipa?

Turudi sasa darasani. Kikundi cha kwanza kilitunga muchimbaji wa Shinkolobwe, kule Katanga. Kila mutu aliyesoma anajua kwamba sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa nane 1945, ilitoka mu mugodi ule. Shujaa wao anachimba muchana, na usiku mikono yake inatoa mwangaza. Anaweza kuvunja jiwe kwa kidole, lakini hawezi kumushika mutoto wake, maana atamuunguza. Tulimupa alama kubwa. Wanafunzi hao walikuwa wamefahamu jambo kubwa bila kufundishwa: nguvu na jeraha vinatoka pahali pamoja. Na jambo lingine tena: katika hadisi zote za bomu lile, profesa yuko na jina, rubani yuko na jina, hata ndege iko na jina. Muchimbaji hana.

Kikundi cha pili kilitunga kijana wa kijiji anayemwangiwa maji na muganga. Risasi zikimufikia zinageuka matone. Masharti ni haya: asiguse mwanamuke, asiibe, asitazame nyuma. Waliandika vizuri, na darasa lilipenda sana. Hatuna haja ya kueleza walitoa wapi. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani, Kinjekitile wa Ngarambe aligawa maji, na watu wa makabila mengi wakasimama pamoja mbele ya bunduki. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa iliyofuata. Mwaka 1964 Wasimba waliingia Kisangani wakipaza sauti «Mai Mulele». Na toka miaka ya 1990 katika Kivu yetu, jina lenyewe la Mai-Mai linasema yote.

Tuangalie maji haya kama tunavyoangalia sindano ya Steve, kwa jicho la mutu anayepima hadisi. Yamejengwa vizuri, pengine kuliko sindano. Maji ni kitu cha kila siku, kila mutu anayo. Yanakusanya watu ambao jana hawakusalimiana. Yanamupa mwoga miguu ya kusimama. Wazungu wengi walioandika juu yake walicheka tu, hawakuona kwamba watu wasio na bunduki walihitaji sababu ya kutokimbia. Hatuwezi kuwadharau wakubwa wetu.

Lakini angalia kazi ya masharti. Katika hadisi ya 1941 shimo liko hivi: mbona hakuna askari wengine kama Steve? Linazibwa na kufa kwa profesa. Katika hadisi ya maji shimo liko hivi: mbona watu wanakufa? Linazibwa na sharti. Aliyekufa alivunja, aliyepona alishika. Hivi maji hayawezi kushindwa hata siku moja. Kila maiti inakuwa ushahidi wa dawa.

Tulipokuwa tunasifu kikundi cha pili juu ya ufundi huo, kijana mumoja wa kiti cha nyuma, ambaye hasemi mara nyingi, aliinua mukono.

«Prof, yaya yangu pia balimumwangia mayi. Alikuwa na miaka kumi na nne. Alikufa tu. Balikuja kuambia mama: alivunja sharti.»

Darasa likanyamaza. Halafu akaongeza, polepole:

«Mama anaulizaka mupaka leo: sharti gani?»

Hatukuwa na jibu. Tulifunga daftari ya alama, na siku ile hatukuandika kitu.

Tangu hapo tumewaza hivi. Swali la mama yule ndilo kipimo cha kila hadisi ya nguvu iliyozaliwa mu vita. Haitoshi hadisi iaminike. Uongo unaomupeleka mutoto mbele ya risasi unaaminika sana. Kama usingeaminika, asingekwenda. Basi tupime pia mambo matatu: nani alilipa ili nguvu ipatikane, mwenye nguvu anakatazwa nini, na ikishindwa, nani anabeba kosa. Steve wa 1941 anaanguka ku swali la kwanza. Maji yanaanguka ku la tatu, maana kosa linabebwa na maiti, na maiti haina kinywa. Na kitu cha kusikitisha ni kwamba masharti yaliwekwa juu ya mutoto anayekwenda kupigana, si juu ya mukubwa anayemutuma.

Je, desturi zetu hazina mufano mwingine? Uko, tena karibu. Ni Mwindo wa Wanyanga, ambaye hadisi yake ilichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa akiwa anatembea na kusema, na conga yake, ule mupunga wake wa mukia, mukononi. Anamushinda baba yake aliyetaka kumuua, tena anamusamehe. Nguvu zote anazo. Lakini anapoua joka Kirimu, Nkuba, yaani radi, ambaye ni rafiki wa joka hilo, anamuchukua mupaka juu mbinguni. Kule shujaa wetu anapigwa na baridi, anapigwa na jua, hana wa kumutetea. Anapewa katazo la kutoua tena nyama, kisha anarudishwa kutawala kijiji chake kwa amani.

Wasomaji waangalie tofauti. Wanyanga pia wana shujaa asiyeshindwa, wana pia katazo. Lakini katazo lao linamukamata mwenye nguvu mwenyewe, na akilivunja anaadhibiwa yeye, si mutoto wa jirani. Hapo wazee walikuwa wamemupita mutungaji wa New York, na walikuwa wamemupita pia muganga wa maji.

Wengine watatuambia tusiwape wanafunzi kazi za namna hii, kwamba tunafungua vidonda. Siye tunajibu kwamba vidonda viko wazi tayari, na kwamba mutoto asiyejua ginsi hadisi inajengwa ataingizwa kwa urahisi mu hadisi ya mutu mwingine. Anayejua kuona shimo liko wapi na limezibwa na nini, huyo atauliza mbele ya kumwangiwa maji.

Wiki iliyofuata kijana yule alileta kazi yake, peke yake, bila kikundi. Shujaa wake ni mutoto aliyekufa mu vita, akarudi na nguvu moja tu: akimuangalia mukubwa aliyemutuma, mukubwa huyo hawezi kusema uongo. Mwisho wa hadisi mutoto anasimama mbele yake na kumuuliza sharti gani. Jibu halikuandikwa, ukurasa ulikuwa umebaki nusu.

Tulimurudishia kazi bila alama. Tuliandika chini yake maneno mawili: endelea, mwanangu.