Neno "Homa" katika Hojaji: Uhakiki wa Taarifa za Ugonjwa Kibondo na Kasulu, 2020–2021

Tangu Mei 2020 hadi katikati ya mwaka 2021, Tanzania haikutoa takwimu za UVIKO-19. Hesabu rasmi ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21. Kwa mtafiti wa Kibondo na Kasulu, hazina kubwa ya kipindi hicho ni maelezo ya wahojiwa wenyewe. Uhakiki huu unajadili uzito wake mbele ya majibu ya maabara.

Tatizo huanzia kwenye neno. Hojaji huuliza kama mhojiwa alipata homa, kana kwamba homa ni joto la mwili tu. Katika mazungumzo ya kila siku, homa yaweza kuwa ugonjwa wowote unaomlaza mtu, na malaria hutajwa hata kabla ya kidole kutobolewa. Kigoma mazoea hayo yana msingi: utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta maambukizi ya takriban asilimia 24 kwa watoto chini ya miaka mitano, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Tena, katika kambi za Nduta na Nyarugusu walikuwapo Warundi na Wakongo ambao Kiswahili chao, kwa wanaokizungumza, si lazima kilingane na cha hojaji.

Maabara nayo haimalizi ubishi. Kipimo cha haraka cha malaria chaweza kutoa jibu chanya wiki kadhaa baada ya tiba, na wapo wenye vimelea wasioumwa kabisa. Kwa hiyo jibu chanya la malaria halikuthibitisha kwamba mgonjwa hana UVIKO-19. Kipimo cha PCR nacho, sampuli ikichelewa kuchukuliwa, huweza kuwa hasi kwa mtu aliyeambukizwa kweli.

Kuyatupa maelezo ya wahojiwa kwa madai kwamba hayaaminiki ni kukata shauri mapema mno. Aliyehofia kutengwa alikuwa na sababu ya kutaja malaria na kukificha kikohozi. Kosa la aina hiyo lina mwelekeo, na lenye mwelekeo laweza kukadiriwa. Lisilokadirika ni kosa la swali lenyewe. Kuuliza "Je, uliacha kusikia harufu?" kungetenganisha magonjwa haya vizuri zaidi, kwa kuwa dalili hiyo si ya malaria na haihitaji neno homa.