Tusimfiche mtoto rungu tunapomchorea mti

Kuna swali ambalo wahakiki wa fasihi ya watoto humu nchini hulizunguka kwa mbali kama mtu aliyeona nyoka njiani. Je, mtoto wa miaka sita au saba asimuliwe vipi habari za uhuru na haki za binadamu, na katika kitabu cha picha achorewe nini? Wapo wanaosema mtoto asubiri akue, mambo hayo ni ya watu wazima. Wapo wanaosema apewe orodha ya haki zake aikariri kama jedwali la kuzidisha. Katika makala haya ninadai kwamba majibu yote mawili yanamdunisha mtoto. Ili nisiongee hewani, nitavipima vitabu vya picha vinavyomhusu mtu ambaye sote twamjua: Wangari Maathai.

Tuanze na maneno yenyewe. Mtoto wa Kenya hukutana na neno haki kabla hajajua kushika kalamu. Akishukiwa kuiba sukari, hulia, "Haki tena, si mimi!" Ndugu yake akipewa kipande kikubwa cha chapati, hulalamika, "Hiyo si haki!" Katika kauli ya kwanza haki ni ukweli unaoapiwa, katika ya pili ni stahili ya mtu. Neno hili lilitoka katika Kiarabu likiwa tayari limebeba maana hizo mbili, na mtoto huzitumia zote bila kufunzwa na yeyote. Kwa hiyo anayedai kwamba dhana ya haki ni nzito mno kwa mtoto hajawahi kugawa chapati nyumbani.

Uhuru una mkasa tofauti. Asili yake ni mtu aliye huru, yaani asiye mtumwa. Waswahili wa pwani walikuwa pia na neno mwungwana kwa maana hiyo hiyo, kabla ya uungwana kugeuka kuwa jina la adabu njema. Lakini mtoto wa leo hukutana na uhuru kama jina tu: bustani, barabara kuu, rais wa nne, sikukuu ya Desemba 12. Neno limekuwa kibao cha barabarani. Kazi ya kwanza ya kitabu cha picha, kwa maoni yangu, ni kumrudishia mtoto maana iliyo nyuma ya kibao hicho.

Vitabu vinavyojaribu kazi hii viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya orodha. Mfano bora ni We Are All Born Free, kitabu kilichotolewa mwaka wa 2008 kwa ushirikiano na shirika la Amnesty International, miaka 60 baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha tamko la haki za binadamu mnamo Desemba 10, 1948. Vifungu vyote 30 vimerahisishwa hadi kuwa sentensi chache, na wachoraji mbalimbali wakagawana kurasa. Sifa zake hazifichiki. Lugha ya kisheria imevuliwa koti na tai, na picha ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa maana.

Hata hivyo, orodha ina kasoro ambayo picha nzuri haiwezi kuiziba. Haki zilizomo hazina historia wala mpinzani. Zinaonekana kama zawadi zilizodondoka kutoka juu. Vitabu vyetu vya kiada navyo aghalabu hufuata mkondo huo: mtoto ana haki ya kula, kuvaa, kusoma, kucheza, halafu ukurasa wa pili, wajibu wa mtoto ni kutii. Ni kweli kwamba Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kwamba Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtoto jina na uraia, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, matibabu, na kinga dhidi ya dhuluma. Lakini mtoto aliyekariri hayo yote akinyimwa mojawapo, afanye nini? Orodha imenyamaza.

Aina ya pili ni ya masimulizi, na hapa ndipo Wangari anapoingia. Tukumbushane kwa ufupi. Mwaka wa 1977 alianzisha Green Belt Movement. Mwaka wa 1989 alipinga jumba la orofa 60 ambalo chama tawala cha KANU na washirika wake walinuia kulijenga katika bustani ya Uhuru Park. Wabunge walimdhihaki, lakini jumba halikujengwa. Mwishoni mwa Februari 1992 alijiunga na akina mama waliogoma kula katika bustani hiyo wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Machi 3, polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi, na Wangari akapigwa hadi akazirai. Januari 1999 alipasuliwa kichwa katika Msitu wa Karura, akatia sahihi taarifa ya polisi kwa damu yake mwenyewe. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Alifariki Septemba 2011.

Sasa tutazame wachoraji na waandishi wamefanya nini na maisha hayo. Mama Miti (2010), kilichoandikwa na Donna Jo Napoli na kuchorwa na Kadir Nelson, ni kizuri kwa macho kuliko vyote. Nelson ameunganisha vipande vya vitambaa vya Kiafrika na rangi, hata milima na mavazi ya wanawake vikawa kama vimeshonwa kwa uzi mmoja. Kila mwanamke anamjia Wangari na shida yake, naye anamtajia mti wa kuitibu. Muundo huu ni wa ngano, na masikio ya mtoto huupenda kwa sababu ya marudio yake. Ila katika masimulizi yenyewe hakuna polisi, hakuna bustani ya Uhuru, hakuna aliyekatazwa chochote. Shida zote zinatibika kwa mche. Wangari amegeuzwa mganga.

Claire A. Nivola, katika Planting the Trees of Kenya (2008), amepiga hatua moja zaidi. Anatuonyesha Wangari akiwagawia miche hata askari. Ni wazo zuri sana kumchorea mtoto, kwa maana linamwambia kuwa aliyeshika bunduki naye ana mkono wa pili, na mkono huo unaweza kushika mti. Seeds of Change (2010) cha Jen Cullerton Johnson na mchoraji Sonia Lynn Sadler kinakubali kumpeleka Wangari jela, lakini lawama nyingi zinatupiwa wafanyabiashara wa kigeni wanaowahonga polisi. Hapa nina neno. Wageni wana dhambi zao, tena nyingi. Lakini waliokuwa wakitoa amri mwaka wa 1989 na 1992 walikuwa viongozi wetu wenyewe. Mtoto akifundishwa kwamba adui wa haki daima hutoka ng'ambo, atamtambuaje anapomwona akihutubia kwenye mkutano wa hadhara mtaani kwao?

Jeanette Winter, kwa upande wake, hakukwepa. Katika Wangari's Trees of Peace (2008), watu wa serikali wanampiga Wangari rungu na kumtia ndani. Maneno ni machache, picha ni ndogo, na mchoro wenyewe ni wa kitoto kwa makusudi. Ni kitabu cha watoto wadogo kabisa katika kundi hili, lakini ndicho kilichowaamini zaidi wasomaji wake. Naye Mfaransa Franck Prévot, akishirikiana na mchoraji Aurélia Fronty, amethubutu hata kumtaja Rais Moi kwa jina. Kitabu chake kilitoka Ufaransa mwaka wa 2011, kikatafsiriwa kwa Kiingereza baadaye. Enyewe inashangaza kwamba mtoto wa Paris anaweza kuambiwa jambo ambalo mtoto wa Nyeri anafichwa.

Nasema anafichwa kwa sababu. Kitabu cha Wangari ambacho mtoto anayesoma Kiswahili anaweza kukipata bila malipo ni Mbegu Ndogo, tafsiri ya kazi ya Nicola Rijsdijk iliyochorwa na Maya Marshak. Asili yake ni Book Dash ya Afrika Kusini, ambapo waandishi na wachoraji wanaojitolea hukutana na kukamilisha kitabu kwa siku moja. Ninakipenda kitabu hiki. Kaka anayewashawishi wazazi wampeleke dada yake shuleni ni somo la haki lililo wazi kuliko orodha yoyote: mtu mmoja ndani ya nyumba alinena, mambo yakabadilika. Kitabu kinagusia pia kwamba Wangari alitamani kuwaona watu wake wakiwa na furaha na uhuru. Baada ya hapo wanawake wanapanda miti, miti inakua, mito inatiririka, tuzo inakuja. Uhuru ulitajwa, ukaachwa njiani. Mtoto anafunga kitabu akiamini kwamba mtu hupewa Nobel kwa kupanda miti na kwamba hakuna aliyekasirika.

Najua pingamizi litakalokuja: mtoto ataogopa! Lakini tangu lini fasihi yetu ya watoto imeogopa kutisha? Katika ngano zetu mazimwi humeza vijiji vizima, na mtoto husikiliza akiwa amejikunyata, kisha huomba arudiwe. Kinachomlinda ni mpangilio wa hadithi. Zimwi linatajwa na kuonekana, halafu linashindwa. Zaidi ya hayo, watoto hawa wana macho. Juni 2024 waliona kwenye simu za wazazi wao vijana wakikimbizwa katika barabara za Nairobi, tena bila mpangilio wowote wa kuwatuliza. Baadaye mtoto mmoja wa jamaa yangu aliniuliza, "Kwani polisi si ni wa kutulinda?" Kitabu cha picha kingemsaidia kulishika swali hilo kwa mikono yake midogo. Kimya chetu hakimsaidii.

Wala sisemi kila rungu lichorwe. Kuna hatari ya upande wa pili, nayo tunayo mifano yake nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Kikuyu, katika miaka ya 1980, hadithi za watoto za Njamba Nene ambazo Wangui wa Goro alizitafsiri kwa Kiingereza. Katika mojawapo, mvulana huyu wa nyakati za Mau Mau anabeba mkate uliofichwa bastola ndani. Ninazo shaka kuhusu bastola hiyo. Shujaa ambaye hakosei kamwe humwachia msomaji kazi moja tu, nayo ni kupiga makofi. Lakini kuna jambo Ngũgĩ alilolifanya ambalo vitabu vingi vya Wangari havikulifanya. Mtoto wake si mtazamaji. Anadharauliwa shuleni kwa umaskini wake na kwa lugha yake, anaamua, anatenda. Katika vitabu vya miti, Wangari akishakua, watoto hubaki pembeni ya picha, wamebeba miche na kutabasamu.

Tatizo la lugha nalo halikwepeki. Mwaka wa 2009, wasifu wa Nelson Mandela uliofupishwa kwa ajili ya watoto na Chris van Wyk, ukiwa na michoro ya Paddy Bouma, ulichapishwa katika lugha zote 11 rasmi za Afrika Kusini. Mtoto wa Soweto alisomewa habari za gereza la Robben Island kwa lugha ya mamake. Vitabu vingi vya Wangari nilivyovihakiki hapa vilizaliwa Marekani na Ufaransa, kwa bei za huko. Wachapishaji wetu nao hutegemea soko la shule, na kitabu kisichoelekea kuidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ni hasara. Matokeo ni kwamba mwandishi wa humu hujikata ulimi kabla ya kukatwa na mwingine.

Ninachokitamani ni kitabu cha Kiswahili, cha kurasa 24 hivi, kuhusu akina mama wa 1992 na pembe ya bustani ambayo hadi leo inaitwa Freedom Corner. Si kazi rahisi. Baadhi ya akina mama wale walivua nguo mbele ya polisi, laana kuu ya mzazi. Mchoraji afanyeje? Nadhani awachore polisi. Awachore wakiwa wamegeuza nyuso, wamefunika macho kwa mikono ile ile iliyoshika rungu, kwa sababu wamewaona mama zao. Mtoto ataelewa. Kisha ukurasa ufunguliwe, akina mama waonekane ndani ya kanisa la All Saints Cathedral, walikoendeleza madai yao kwa karibu mwaka mzima, na hatimaye wengi wa wana wao wakitoka gerezani. Mtunzi naye achague maneno yanayosemwa nyumbani: mgomo wa kula, kutiwa ndani, kuachiliwa. Hakuna hata moja linalomshinda mtoto.

Hadi kitabu hicho kiandikwe, mzazi na mwalimu wana la kufanya. Chukua Mbegu Ndogo, msomee mtoto, na ukifika kabla ya ukurasa wa tuzo, simama. Mwambie kulikuwa na watu ambao hawakutaka miti hiyo ipandwe. Mwambie walikuwa nani, walimfanya Wangari nini, na mahali gani. Kama mnaishi Nairobi, siku moja mpeleke Uhuru Park, mwonyeshe mahali ambapo lile jumba la orofa 60 halipo.